Saruji ya Bi Ionie

Asubuhi ile Alban Steill aliamka ndani ya mashua yake, pale ghuba ya Tyrrel, kisiwani Carriacou, akanywa chai ya kakao, akasoma Zaburi yake, akashuka kwenye kidau aende kujenga. Kimbunga kilikuwa kimemchukulia nyumba yote, wakabaki na mashua. Mkewe Verna alikuwa na mimba ya miezi saba, na walichokitaka ni kimoja tu: mtoto akizaliwa aingie nyumbani, asilelewe majini.

Kidau kiliposogea, Alban akageuka. Ule mstari mwekundu wa ubavuni mwa mashua, unaoonyesha maji yanapoishia, ulikuwa umezama upande wa kushoto.

"Verna! Umehamisha mitungi ya maji?"

"Niihamishe kwa mgongo upi, bwana wee? Labda ni huyu mwanao, anakula kama baba yake."

Wakacheka. Hata hivyo Alban alirudi, akafungua ngama, kule chini kwenye tumbo la mashua. Hamna tone. Na upande wa kushoto hakukuwa na kitu ila kitanda kisicholaliwa na mtu.

Hapa sina budi kusema lililofichwa. Kwetu Carriacou maiti huzikwa kwanza, jiwe lake la kaburi hufuata baadaye, hata baada ya miaka, pamoja na karamu. Jiwe ndiyo nyumba ya marehemu. Bi Ionie, mama yake Alban, alikuwa na miaka sita kaburini, amezungushiwa makombe ya bahari tu. Ndugu zake Alban walioko ng'ambo walishaleta mifuko kumi na miwili ya saruji ya jiwe hilo. Alban akaichukua, akaimwaga kwenye msingi wa nyumba yake mwenyewe.

"Mama atanielewa," aliniambia mimi rafiki yake. "Aliyengoja miaka sita atashindwa na miezi?"

Mungu anisamehe. Mifuko miwili niliibeba mimi, kwa bega hili, na nilijua ni ya nani.

Verna hakujua. Yeye ni wa kisiwa kikubwa, Grenada, na alipoolewa mama mkwe alishazikwa. Hata picha hakuiona.

Basi kila siku mstari ukazama upana wa kidole. Alban akahamishia kulia nanga ya akiba, betri, makopo ya rangi. Mashua ikazidi kuegemea kushoto. Siku ya nne Verna akapakua sima na mbaazi katika sahani tatu.

"Ya tatu ya nani?"

Verna akaitazama sahani ile kama ndiyo kwanza anaiona. "Sijui," akasema.

Jumapili wametoka kanisani, jua la saa saba limewaka, Alban yuko juu anafunga kamba. Akamsikia mkewe ndani, anaongea. Ananyamaza. Anaitikia.

"Unaongea na nani?"

"Na huyu bibi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Anauliza tunahamia lini. Anasema chumba cha mashariki ni chake." Kisha akanong'ona, "Alban, mbona hana kidole kidogo cha mguu?"

Kidole kile Bi Ionie alijikata kwa panga shambani. Alban alikuwa na miaka tisa. Yeye ndiye aliyekifukia.

Hakushuka. Alipiga magoti palepale juu, akaungama kwa sauti, watu wa mashua za jirani wakisikia.

"Mama, nimekuibia nyumba yako. Nisamehe. Usimguse mtoto."

Maji yanagonga ubavu.

Verna akatoa kichwa, uso umempauka. "Mwanaume wewe! Ulitaka nimlaze mwanangu juu ya saruji ya marehemu?"

Saruji ikishaganda hairudi mfukoni. Alban alitoa ile ya kuta zake, kuta zikakomea usawa wa goti, jiwe la mama likajengwa. Tukachinja mbuzi, ngoma zikapigwa, ramu na maji vikamwagwa chini. Shangazi Melvina, mdogo wake marehemu, akaweka kiganja juu ya jiwe.

"Haya, Ionie. Ingia kwako, mwache kijana."

Kesho yake mashua ilikuwa imelala sawa, mstari wote nje ya maji. Tukamshukuru Mungu.

Mtoto akazaliwa salama, wa kike, na kwa kuwa kuta za nyumba hazijaisha, akatandikiwa kile kitanda cha kushoto. Siku ya kumleta, Alban alitangulia kufanya usafi. Toka ngazini hadi kitandani akakuta unga wa kijivu. Akadhani ni vumbi la kazi limetoka kwenye viatu vyake. Akaunyunyizia maji apate kuusugua, akaitwa nje kupokea mizigo. Fundi mzima, akasahau maji huifanya nini saruji.

Jioni ilikuwa imeganda.

Mimi mwenyewe nimejaribu kuzibandua kwa patasi, nimeshindwa. Ni nyayo. Ule wa kulia una vidole vinne. Zinashuka ngazi, zinakwenda mpaka kwenye kitanda cha mtoto.

Za kurudi hakuna.