Maneno Elfu Moja ya Edina

Edina alikuwa afisa ugani wa kilimo Litembo. Kutwa alipita mashambani akiwafundisha wakulima kupambana na chulebuni, ugonjwa unaoozesha matunda ya kahawa. Alitaka kuusomea ugonjwa huo hadi shahada ya uzamili. Chuo alichokitaka, huko ng'ambo, kilidai kwanza afaulu mtihani wenye maneno magumu ya Kiingereza.

Akatafuta orodha ya maneno elfu moja. Kila asubuhi alikariri hamsini, kuanzia A. Uji ulifurika jikoni, na mumewe, Zabron, akaita mara tatu bila kuitikiwa. Ikifika jioni, Edina anakumbuka matano tu. Miezi minne ikapita hivyo, akimaliza orodha na kuianza upya. Akafanya mtihani, akafeli. Ikabaki nafasi moja ya kuurudia kabla maombi hayajafungwa.

"Nimechoka," alimwambia Zabron. "Kichwa changu kinavuja."

Zabron alimjibu kuwa yeye alichoka zamani. Akamwambia aende kwa jirani yao, Mwalimu Pankras, mstaafu aliyefundisha Kiingereza seminari.

Edina alimwamkia mzee, akaeleza shida yake. Mzee akamuuliza maana ya neno "benevolent". Edina alijibu kwamba anakumbuka liko ukurasa wa pili, upande wa juu. Basi.

Mzee akashusha pumzi. "Binti yangu, umekariri ukurasa, hujajifunza neno. Kaka yako anaitwa nani?"

"Benedikto."

Mwalimu akaeleza kwamba "bene" ni Kilatini, maana yake vizuri. Benedikto ni aliyenenewa mema, yaani aliyebarikiwa. Na "benevolent" ni mtu anayewatakia wenzake mema. Edina aliudhika. Miezi yote hiyo amehangaika na neno ambalo nusu yake inaitwa kila siku nyumbani kwao!

Mzee akampa utaratibu. Asome maneno kumi tu kwa siku, yenye asili moja yakae pamoja. Kila neno alitungie sentensi. Ajipime kesho yake, baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, bila kuchungulia. Tena asome makala nzima, na akikuta neno geni alikisie kwanza kutokana na maneno yanayolizunguka, ndipo afungue kamusi.

Wiki ya kwanza mzee alimrudishia daftari. "Hizi ni sentensi za kamusi. Zako ziko wapi?"

Edina aliondoka amenuna. Lakini alitunga zake, za kahawa, za mvua, za wakulima wabishi. Neno la ukaidi alilitungia sentensi ya Zabron. Zabron alipotafsiriwa sentensi hiyo hakufurahi, ila Edina hakulisahau tena neno lenyewe.

Mara ya pili Edina alifaulu. Mwalimu alitaka kujua ni maneno mangapi aliyoyasoma yalitokea kwenye mtihani.

"Hata kumi hayakufika, Mwalimu. Mengi niliyakisia kutoka kwenye sentensi."

Barua ya chuo ilipokuja ilikuwa na kurasa sita za Kiingereza. Edina aliisoma yote akiwa amesimama, bila kamusi, kisha akamweleza Zabron kwa Kiswahili kwamba amepokelewa, na anaondoka Septemba.