Jina la Mwenye Kilima

Jua lilikuwa linazama nilipotoka kununua mkaa. Ni hapo nyuma tu, kwa Mama Josia, kwetu Kashai, hapa Bukoba, mahali unapokwenda na kandambili na kanga ya kiunoni. Niliporudi nilikuta mwanamume amesimama kwenye geti letu. Alikuwa anaipapasa mikuki.

Hiyo mikuki lazima niieleze. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, na kila geti analolitengeneza huliwekea mikuki miwili iliyopishana, mteja atake asitake. Ni alama ya Rutalemwa. Wenzangu wana waume wenye nyumba ndogo. Wangu alikuwa na mtemi aliyekufa zamani za kale. Rutalemwa alivukia wapi mto, Rutalemwa aliteka vilima gani, Rutalemwa alikula nini kabla ya vita. Jumapili tukitoka tu kanisani, huyo juu ya pikipiki, anakwenda kutafuta jiwe ambalo Rutalemwa alilikalia. Siku moja nilimwambia, "Baba Penina, mimi nikifa hutakumbuka hata nilizaliwa kijiji gani." Akacheka sana. Alikuwa na kicheko kizuri, na mimi nilikuwa namsamehe haraka.

Yule mtu wa getini alikuwa pekupeku. Begani alijifunga kitu cha kahawia, nikakijua kwa harufu kabla ya kukijua kwa macho. Nguo ya magome ya mti. Ile waliyokuwa wanazikwa nayo watu wa zamani. Ilinuka unyevu... na udongo uliofukuliwa sasa hivi.

"Ndugu yangu amefika?" akauliza, taratibu.

"Ndugu yako yupi, waitu?"

"Mwenye mikuki hii. Mwambie nimemfuata, shemeji."

Niligeuza shingo kumwita mume wangu. Nilipoirudisha, getini hapakuwa na mtu.

Shemeji? Mume wangu amezaliwa peke yake.

Ndani nilimkuta ameketi, tope mpaka magotini, mkanda wa suruali ameulegeza. Alikuwa amerudi kutoka Kimwani, huko Muleba, mchana huo na furaha ilikuwa haimtoshi.

"Mama Penina, nimekipata! Kilima chenyewe! Pale pale walipokula omukago!"

Omukago ni undugu wa damu. Wazee wetu walikuwa wanapasua tunda moja la kahawa, ndani mna punje mbili. Kila mmoja anachanja kitovu, anapaka damu kwenye punje yake, anampa mwenzake aimeze. Basi, mmekuwa ndugu mpaka kaburini. Anayemgeuka mwenzake, tumbo lake litavimba mpaka lipasuke. Hilo hata watoto wa huku wanalijua.

Rutalemwa, alivyonisimulia mume wangu, alifika kwenye kilima kile kama mgeni. Akaomba undugu, akapewa. Usiku ule ule akamchinja mwenyeji wake, na wake zake, na wanawe, na ukoo mzima, hakubakiza hata wa kunyonya.

"Na tumbo lake halikuvimba?" nikauliza.

"Livimbe wapi! Hakumeza!" Akapiga goti lake kwa kofi. "Punje aliibana shavuni, akaenda kuitema gizani. Akili ile, mke wangu! Akili ile!"

Mimi sikuona akili. Niliona watoto wamelala.

"Na huyo mwenyeji aliitwa nani?"

Akakuna kichwa. "Hatajwi. Wanamwita mwenye kilima tu."

"Miaka yote hii hukuuliza?"

"Aliyeshindwa nani anamuuliza, Mama Penina?"

Halafu akanisimulia lililobaki, huku anajisugua tumbo. Kule kilimani alimkuta mzee amejifunga nguo ya magome. Akataka kumpiga picha. Akamtania: "Mzee, hunijui? Mimi ndiye Rutalemwa, nimerudi." Mzee akatia mkono ndani ya nguo yake. Akatoa punje moja ya kahawa, mbichi, ina majimaji, akamwambia, "Basi safari hii umeze."

"Ukameza?"

"Kahawa ya mzee unaikataaje?"

Kweli. Kwetu kukataa kahawa ya mwenyeji ni tusi.

"Ilikuwa na ladha gani?"

Akafikiri. "Ya chumvi."

Dirishani mtu akakohoa.

Kufikia asubuhi suruali zote zilikuwa zimemkataa. Tumbo lilikuwa limesimama kama la mama wa miezi tisa. Hospitali wakampiga picha, wakamchoma sindano kutafuta maji, hakuna maji. Uvimbe wa ndani hakuna. Daktari akaniita pembeni na kuniambia kwa upole kwamba hajui. Niliwahi kuwasikia madaktari wakisema maneno mengi, hilo lilikuwa la kwanza. Nikamrudisha nyumbani.

Na kila jioni, kiza kikianza kuingia, harufu ile inatangulia. Udongo. Magome yaliyolowa. Halafu sauti, nje ya dirisha, haina hasira hata kidogo.

"Ndugu yangu... unaniita nani?"

Mume wangu analia kama mtoto. Anajua wake wote wa Rutalemwa. Anajua mbwa wake wa vita. Jina hilo moja halijui.

Mchungaji Gamaliel alikuja na wazee wa kanisa. Waliomba kwa nguvu, mpaka mabati yanatetemeka. Mchungaji akafunga sala, sote tukasema amina. Tukafumbua macho.

"Amina," akasema yule wa nje.

Mchungaji alisahau Biblia yake mezani kwetu. Hakuirudia.

Nikapanda basi la alfajiri mpaka Muleba, nikachukua bodaboda mpaka Kimwani. Chini ya kilima nilimkuta mwanamke anapalilia maharage, anaitwa Klaudia. Nilipomwambia mume wangu alikutana na mzee wa nguo ya magome akaacha jembe na kushika kifua.

"Mawe, mama wee! Amekula kahawa yake?"

"Amekula."

"Hapa hakuna mzee, dada. Huyo ndiye mwenye kilima mwenyewe."

Nilipiga magoti kwenye matuta yake. Sikuona aibu. "Niambie jina lake. Kwa jina la Mungu, niambie, mume wangu anakufa."

"Ningelijua nisingekwambia?" Naye alikuwa analia sasa. "Waliokuwa wanalijua waliuawa usiku ule. Wote. Mtu bila jina haombolezwi, haitwi kwao, hana pa kwenda. Anatembea tu."

"Nitamtungia."

"Wapo waliojaribu. Hayakai. Anataka jina ambalo mtu ameshaitwa nalo." Akaokota jembe lake. "Nenda haraka, dada. Jioni haikusubiri."

Nilizunguka kijiji kizima hata hivyo. Niliuliza kwa padri, niliuliza kwenye vilabu vya pombe ya lubisi, nilimuuliza bibi kipofu akanifukuza kwa fimbo. Hakuna. Nilirudi Bukoba mikono mitupu.

Jua lilikuwa linazama tena. Tumbo la mume wangu lilikuwa linang'aa, ngozi imevutika kama ya ngoma, mishipa ya buluu imejichora juu yake. Alikuwa anapumua kwa kinywa, pumzi fupi fupi.

"Mama Penina," akanong'ona. "Inapasuka..."

Chini ya kitovu nikaona mstari mwembamba mwekundu. Ulikuwa unarefuka.

Harufu ikaingia.

"Ndugu yangu. Unaniita nani?"

Nikarukia dirisha. Nikataja majina yote ya Kihaya ninayoyajua, ya babu zangu, ya majirani, ya makaburini. Nyuma yangu mume wangu akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu wala kwa mnyama.

"Hayo si yangu, shemeji," sauti ikasema. "Hayo yana wenyewe, si yako kuyatoa."

"Basi chukua la kwake!" nikapiga kelele. "Chukua la kwake, mwache yeye!"

Nikalitaja. Lote. La ubatizo, la ukoo, na lile bibi yake alilokuwa anamwita alipokuwa mchanga. Nililisema kwa pumzi zangu zote.

Halafu yule wa nje akalirudia. Polepole, kama mtu anayejaribu viatu.

"Linanitosha," akasema.

Tumbo likashuka. Nililiona kwa macho yangu, liliishiwa upepo kama tairi. Ule mstari ukajifunga. Mume wangu akavuta pumzi ndefu, akafumbua macho, na mimi nikamwangukia kifuani ili nimwite jina lake.

Nikafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

Ndiyo maana humu mote nimemwita mume wangu. Usidhani naficha. Silijui. Kitambulisho chake kipo, picha yake ipo, nalisoma herufi kwa herufi, na nikiinua macho limeshaondoka. Mama yake mzazi anamwita "wewe". Wateja wanapita getini wanasema wanamtafuta fundi, hawakumbuki yupi, wanaondoka. Usiku huwa ananishika mkono na kuniuliza, "Mke wangu, mimi nani?" Namwambia baba Penina. Mikuki yote ameikata kwa moto, na la Rutalemwa halitaji tena.

Nilidhani gharama ni hiyo. Ningeilipa tena, nasema kweli, ningeilipa hata leo.

Lakini mwaka jana, jioni moja, kiza kikianza, mtu alibisha hodi. Sauti nzuri, ya mtu aliyechoka na kazi.

"Nani?" nikauliza.

Akajibu kwa jina.

Na nilipolisikia nililikumbuka. Lote. Nilikumbuka nimesimama madhabahuni na gauni la kuazima, mchungaji ananiuliza kama ninamkubali... na ninajibu ndiyo. Nilimkubali mwenye jina hilo. Nimeapa. Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye komeo.

"Usifungue," mume wangu akasema nyuma yangu. "Mke wangu, usifungue."

"Mke wangu," akasema wa nje, "fungua. Ni mimi."

Harufu ya udongo haikuwapo tena. Alinuka moshi wa kuchomelea. Alicheka kidogo pale nje, kile kicheko.

Penina akatoka chumbani anakimbia. "Baba karudi! Baba!" Akampita baba yake kama anavyopita kiti, akaanza kuruka kulifikia komeo. Nilimkamata gauni kwa nyuma. Alinipiga mateke, alilia kwamba namfungia baba yake nje, alilia mpaka akalala.

Anakuja kila jioni sasa. Hasukumi mlango, anabisha tu na kungoja, mvumilivu, kama mtu aliyefika kwake. Mpaka leo sijafungua.

Lakini mwaka huu Penina amerefuka. Komeo analifikia.