Skrini Iliyofunikwa Kitenge

Gari jipya la Norbert lilikuwa linanuka tope la ziwani, na ziwani kwenyewe lilikuwa halijafika.

Gari lenyewe sasa, jamani! Halina hata swichi moja ya kushika. Taa, vioo, milango, joto na baridi, vyote mpaka uguse skrini. Norbert, mkulima wa kahawa wa kijiji cha Ukata, alitamba kwa hilo mpaka akachosha watu. Padri alipokuja kulibariki, Norbert aliifunika skrini kwa kitenge cha mkewe, Hildegardi, eti maji ya baraka yasije yakaiunguza. Gari zima likalowa, skrini ikabaki kavu.

Jumamosi wakateremka Mbamba Bay, kando ya ziwa, kununua samaki. Jua lilikuwa kali. Walishuka, binti yao Edina akabaki amesinzia kiti cha nyuma, na kabla hawajafika mbali milango ikajifunga. Skrini ikawaka. Namba za joto zikaanza kupanda, na hakuna aliyekuwa anazigusa.

"Baba Edina, fungua," Hildegardi alinong'ona.

"Rimoti imekataa. Pahali pengine pa kufungulia ni humo ndani, kwenye skrini."

"Kuna jini humo. Si ulimzuia padri asiibariki? Lilikaa palepale ulipofunika!"

Edina alikuwa ameamka, anapiga kioo kwa viganja, jasho linamtiririka, mdomo unaita mama na sauti haitoki, na lile tope likazidi kunuka mpaka nje, na namba zikapanda tena na tena, na baba mtu amesimama tu mikono imelegea, haoni hofu, haoni uchungu, haoni chochote, mpaka mkewe alipomtia jiwe mkononi na kumsukuma.

Akavunja dirisha. Skrini ikazimika.

"Mzima! Mungu wangu, mwanangu mzima!" Hildegardi alimtoa mtoto huku analia kwa furaha, akampa baba yake ambebe, akapiga magoti kushukuru.

Edina hakuwa analia. Kwa joto lote lile, mwili wake ulikuwa wa baridi, na sasa yeye ndiye aliyenuka lile tope. Alimtazama Norbert, akanyoosha kidole, akamgusa shavuni. Shavu likafa ganzi. Akakiburuta kidole taratibu mpaka shingoni, na shingo nayo Norbert hakuihisi tena.

"Edina, mwanangu, acha," alisema, ulimi mzito.

Mkewe alikuwa bado anasali, amefumba macho. Mtoto akashusha kidole kifuani.