Doa la Kijani kwenye Beringi

Jumanne asubuhi, Septemba 1984, mkokoteni mpya ulipinduka kwenye mteremko wa Kikima. Gurudumu lilikwama, punda akaanguka, na maji ya watu yakamwagika mwaka ambao mvua ilikuwa imesahau njia.

Kufikia saa nne, Mzee Kivuva, mwenye karakana ya mikokoteni, alikuwa amelifungua gurudumu. Beringi ilikuwa imepasuka. Juu yake palikuwa na doa la kijani, alama ya uzima ya Nthenya, mama aliyekagua kila beringi iliyonunuliwa kabla haijafungwa.

"Ni Hared!" Kivuva akafoka. "Huchukua mbovu kuzirudisha Nairobi. Amezipaka rangi, akazichanganya na nzuri. Leo atalala polisi!"

Hared, mwenye lori, alisimama langoni. Ndiye aliyewahi kumkimbiza mjukuu wa Nthenya hospitali bila kuombwa.

"Ngoja kwanza, mzee," Nthenya alisema. "Hared, mbovu ulichukua lini mara ya mwisho?"

"Mwezi uliopita, mama. Ijumaa nilikuja, fundi wenu Musyoka akasema safari hii hakuna. Nikajua basi, macho yako yamechoka."

"Yaliyochoka ni yako," akamjibu, lakini hakucheka. Alhamisi alikuwa ametenga beringi mbovu sita kwa mkono wake.

Alilisugua doa kwa kidole gumba. Rangi ikatoka pamoja na grisi.

"Mimi huosha beringi kwa mafuta ya taa, nikaizungusha, nikaisikiliza, ndipo nipake. Rangi yangu hushika chuma. Hii imepakwa juu ya grisi. Na kopo la rangi halitoki humu ndani."

Akamgeukia fundi wa magurudumu. "Musyoka mwanangu, zile sita ziko wapi?"

Musyoka akaweka spana chini.

"Mbili nilifunga kwenye huo ulioanguka, mwaitu, mama yangu. Nne nimefunga kwenye ile mikokoteni miwili uani."

"Kwa nini?"

"Mmoja ni wa kwetu Kilungu. Mama anabeba maji mgongoni toka mbali. Nzuri hazikutosha. Nilidhani zitavumilia mpaka mvua."

"Na ukanyamaza mwenzako akiitwa mwizi!" alisema Kivuva. Kisha akaenda langoni. "Hared, nimekukosea mbele ya watu. Nisamehe mbele yao."

"Yamekwisha, mzee. Lakini chai utatoa."

"Nitatoa. Na wewe Musyoka, fungua zote nne leo. Kuanzia sasa hufungi kitu Nthenya hajakiona."

Musyoka akaiokota spana.

"Kesho napita Kilungu," Hared akamwambia. "Jaza pipa maji, tumpelekee mama yako."

Pipa lilipojaa, Musyoka alilivuta peke yake hadi kwenye lori. Halikupanda. Hared akaweka kikombe cha chai ya Kivuva chini, akashika upande wa pili.