Kufuli la Boti ya Zahanati

Saa nne asubuhi, mbele ya kadamnasi nzima ya gati la Kirumba, kufuli lilimkamata mwizi. Jamaa mmoja aliyevaa ovaroli ya fundi alishuka kwenye boti ndogo ya umeme, akaweka kiganja juu ya kufuli lililofunga mnyororo na pangaboi la kuisukuma boti kwa pamoja, akangoja. Kiganja chenyewe hakikuwa chake. Alikuwa amevaa ngozi bandia yenye alama za mkono wa mwenye boti, kazi safi kabisa. Lakini kufuli lilihesabu mapigo ya moyo wake, likayaona yanakwenda mbio, likaamua. Kabla hajaondoa mkono, kipanga, ile roboti ya doria irukayo, alishafika juu ya kichwa chake akimsomea makosa yake kwa sauti ya upole.

Watu walipiga makofi. Mhandisi Sospeter Kamuli, aliyelibuni kufuli hilo, hakupiga. Alimdharau mwizi kwa ujinga wake, na akawadharau zaidi walioshangilia, maana nusu yao walikuwa wamekataa kulinunua.

Miaka ishirini ilikuwa imepita tangu ziwa lipande na kumeza mitaa ya chini ya jiji la Mwanza. Kila nyumba sasa ilikuwa na boti, na kila boti ilikuwa na kufuli, na Kamuli aliamini kuwa hakuna kitu kilichofichua akili ya mtu kama kufuli lake. Alikuwa ameona makufuli ya chuma yaliyoshikana kwa kutu. Alikuwa ameona yaliyopakwa mafuta ya kupikia, yakanasa mchanga mpaka ufunguo ukakatikia ndani.

“Watu hawa,” alizoea kusema ofisini, “wape mlango wa dhahabu, wataufunga kwa kamba ya mgomba.”

Ndiyo maana alibuni kufuli-mapigo. Alama za kiganja huigwa na funguo huibwa, lakini moyo wa mwizi, alisema, hauwezi kutulia.

Siku hiyohiyo malalamiko yalifika kutoka zahanati ya kisiwa cha Nyamirembo. Kufuli lilikuwa limemkataa mwenye boti, na mgonjwa akafariki. Mkurugenzi wa kampuni alimwagiza Kamuli aende, aandike kwamba chanzo ni matengenezo duni, arudi. Hakuhitaji kuagizwa. Njia nzima ya kwenda kisiwani alikuwa akiitunga taarifa kichwani, na neno “uzembe” lilikuwa limeshatokea mara tatu.

Mkunga wa zahanati, Minza Luhende, mama wa makamo mwenye mabega mapana, alimpokea akiwa amesimama gatini. Kamuli hata pole hakutoa. Aliuliza kufuli lilisafishwa lini mara ya mwisho.

“Jumatatu,” alisema Minza. “Kila Jumatatu.”

Kamuli alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akapiga goti, akalifungua kasha la kufuli akitegemea tope na mafuta ya samaki. Ndani kulikuwa kukavu. Kioo cha kupimia kilikuwa kimefutwa kwa pamba, na komeo lilikuwa limepakwa unga wa penseli, ule mkavu usionasa mchanga. Hata mafundi wake mwenyewe hawakuwa wasafi hivyo. Jambo hilo lilimuudhi. Akachomeka kisoma-kumbukumbu, akasoma kwa sauti, akiwa bado na hakika kwamba kosa lingeonekana.

“Saa tano na dakika kumi na mbili. Kiganja, cha mwenyewe. Mapigo, mia moja arobaini na nane. Uamuzi, mwizi, au mwenye mali aliyelazimishwa. Kufunga, dakika arobaini.”

Minza akamsimulia yaliyobaki bila kupandisha sauti. Mgonjwa aliitwa Nyamalwa, mshonaji wa sare za shule. Alikuwa amejifungua salama mtoto wa kike, kisha damu ikakataa kukatika. Hospitali kubwa ilikuwa ng'ambo, mwendo wa dakika kumi na mbili. Minza na Bugingo, mume wa Nyamalwa, walimbeba kwa machela wakikimbia, wakamlaza ndani ya boti, na Minza akaweka kiganja juu ya kufuli. Likakataa. Kipanga akaja, akamwomba awe mtulivu na asubiri askari. Bugingo akalipiga kufuli kwa jiwe mpaka jiwe likapasuka. Nyamalwa alikata roho dakika ya thelathini na moja, boti ikiwa bado imefungwa gatini.

“Ungetulia,” alisema Kamuli. “Maelekezo yanasema mtumiaji apumue taratibu mara tano, ndipo aweke kiganja.”

Minza alimtazama kama mtu anavyotazama kitu kilichonasa kwenye soli ya kiatu.

“Mhandisi, umewahi kumbeba mtu anayekufa?”

Kamuli akachomoa kisoma-kumbukumbu.

“Moyo wa binadamu una sababu nyingi za kwenda mbio. Wewe ukajua moja tu, wizi. Na kwa hiyo moja ukatufunga sote.”

Kamuli alirudi mjini. Kwenye fomu, mahali palipoandikwa “chanzo”, aliandika: Kufuli lilifanya kazi kama nilivyolibuni. Mkurugenzi alimwambia ile si lugha ya ofisi, arekebishe. Kamuli akakataa. Wenzake walimcheka, wakasema mhandisi amelogwa na mkunga wa kisiwani, na wiki haikuisha akahamishiwa ghalani kuhesabu skrubu. Makufuli yaliendelea kuuzwa. Kampuni iliongeza sentensi moja katika maelekezo, ikiwashauri wateja wasiwe na wasiwasi wakati wa dharura.

Jumamosi Kamuli alikwenda Nyamirembo akiwa na msumeno wa chuma na kufuli la ufunguo alilolinunua duka la vifaa vya ujenzi. Alilikata kufuli-mapigo kwa mkono wake mwenyewe, akatoa jasho nusu saa nzima, maana lilikuwa imara. Kisha akamkabidhi Minza lile jipya. Minza akaligeuzageuza, akatoa sumaku mfukoni, akaigusisha. Ikanasa.

“Chuma kilichopakwa rangi ya shaba,” alisema. “Masika moja tu, limeoza. Na wewe ndiye mtaalamu.”

Kamuli alirudi mjini siku hiyohiyo, akapita maduka manne akiwa na sumaku yake mwenyewe, huku wauzaji wakimcheka. Jioni haijaingia alikuwa ameshuka tena kisiwani na kufuli la shaba tupu, zito, lenye funguo tatu. Minza alilipima, hakulisifu, akachukua funguo mbili. Wa tatu akampa Bugingo, aliyekuwa ameomba kuwa dereva wa boti ya zahanati. Alikuwa amekaa ukingoni mwa gati, mwanawe mchanga akiwa amelala mapajani mwa bibi yake kando.

Bugingo alimtazama Kamuli kwa muda, akionyesha wazi kwamba anamjua ni nani. Hakumsalimu. Alishuka ndani ya boti, akainama, akalitafuta tundu la kufuli kwa ncha ya ufunguo, akalikosa, akalitafuta tena. Mikono yake ilikuwa inatetemeka vibaya.

Kufuli likafunguka.