Zamu ya Yakuti

Jioni ile nilikwenda kumchukua binti yangu kazini, na magoti yalikuwa yananiuma. Naanza na magoti kwa sababu ndiyo yaliyoniponza. Yangekuwa mazima, ningepanda ngazi mwenyewe kumwita Tasleem, na leo nisingekuwa na cha kusimulia.

Naitwa Jabbar. Kwa miaka thelathini na moja nimewaongoza watalii katika ngome ya Golkonda, hapa Haidarabadi. Nimewapandisha Wajerumani, Wajapani, maharusi kutoka mji wa Pune, na watoto wa shule wanaotapikia maua. Ngazi ni mia tatu na sitini, hizo ni za kupanda tu. Nazichukia zote, moja moja, kwa sura. Magoti yalipoisha, Tasleem alichukua nafasi yangu. Sikutaka. Ni mtoto wangu wa pekee, mama yake amefariki, na nilitamani apate kazi ya kukaa kitini. Lakini alikulia langoni pale, na ana roho laini, wageni wanampenda.

Kila mgeni anayekuja anataka kitu kimoja: makofi. Ukisimama langoni chini ya kuba ukagonganisha viganja mara moja, sauti inapanda mpaka ukumbi wa kileleni, mwendo wa kilomita moja hivi. Wanasema wafalme walijenga vile ili adui akifika mlangoni, mlinzi wa juu ajue. Sisi waongozaji tumeigeuza lugha ya kazi. Kofi moja: wageni wanapanda. Mawili: shuka, tunafunga. Aliye juu hujibu vilevile, ili wa chini ajue amesikika.

Na kila mwongozaji ana hadithi yake ya kuwatoa wageni machozi. Yangu ilikuwa ya Yakuti. Yakuti, Mhabashi, aliletwa angali mtoto kutoka ng'ambo ya bahari, akapewa kazi moja tu maishani: kukaa kileleni na kujibu makofi. Ngome ilipotekwa kila mtu alikimbia kuokoa roho yake, na hakuna aliyekumbuka kumpigia makofi mawili. Akabaki palepale. "Mpaka leo," nilikuwa nikiwaambia wageni huku nikishusha sauti, "anasubiri kuambiwa kwamba zamu yake imeisha." Hapo akina mama walitafuta leso. Yote niliitunga mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza kazini, nikila topetope kivulini mwa ukuta.

Nilidhani nimeitunga.

Ilikuwa Jumatatu, siku isiyo na onyesho la taa, kwa hiyo watu walitoka mapema. Narsimha, bawabu wetu, alikuwa ameshapuliza kipenga mara mbili.

"Jabbar, bado unatembea tu?" akaniuliza. "Magoti yako yanalia kuliko bawaba za lango langu."

"Yapake mafuta basi."

"Binti yako yuko juu na watu wa Pune. Mwambie ashuke, bwana, mwenzio nina mke anayenisubiri."

"Panda ukamwambie wewe."

"Mimi ni mtu wa kipenga. Ngazi ni za ukoo wenu." Akacheka, akaenda kufunga chumba cha tiketi.

Niliziangalia ngazi zile. Nilichoka hata kabla ya kunyanyua mguu. Basi nikasimama chini ya kuba, nikapiga makofi mawili.

Kimya.

Popo wakaanza kutoka kwenye matao, na harufu yao kali ikanijia puani. Kisha, kutoka juu...

Pa. Pa.

Amesikia. Nikakaa juu ya jiwe nikinyoosha mguu.

"Baba, unamwita nani?"

Tasleem alikuwa nyuma yangu, upande wa nje wa lango, ameshika glasi mbili za chai.

"Si nakuita wewe. Umeshukaje?"

"Nimeshuka zamani. Wale wa Pune walishindwa ngazi ya mia, nikawarudisha kwenye basi lao."

"Nani yuko juu?"

"Hakuna mtu. Mimi ndiye niliyekuwa wa mwisho."

Pa. Pa.

Safari hii sauti ilitoka chini zaidi. Ilitoka kwenye hekalu la Mama Kali, mungu wa Wahindu, nusu ya njia.

"Mwangwi huo," akasema Tasleem.

"Mwangwi wa nini? Sijapiga tena. Mama, nenda kakae na Narsimha. Sasa hivi. Usiniulize."

Aliniangalia kama anavyoangaliwa mgonjwa, akaniwekea chai juu ya jiwe, akaenda.

Nikasikia nyayo.

Zilikuwa nyayo tupu juu ya mawe. Hatua moja, kisha kupumzika. Hatua moja, kisha kupumzika. Ule ni mwendo wa mtu mwenye magoti mabovu, naujua kwa sababu ni wangu. Harufu ya popo ikapotea, ikaja harufu ya utambi uliozimwa sasa hivi.

Sikumwona sawasawa. Kwenye kona ya mwisho ya ngazi palisimama kitu kirefu, kimeinama kidogo, mikono imening'inia. Nilichokiona vizuri ni viganja. Vilikuwa vimelika, laini, kama soli ya kiatu cha zamani.

"Zamu yangu imeisha?"

Alinong'ona. Na aliitumia sauti yangu... ile ninayoishusha mbele ya wageni.

Ningeweza kukimbia kama ningekuwa na miguu ya kukimbilia. Sijui nani aliyenipa neno. Labda ni mazoea tu ya kazi, mgeni akikuuliza kama safari imefika mwisho.

"Bado," nikasema. "Bado kidogo. Rudi juu."

Akashusha pumzi. Pumzi ile naifahamu, ndiyo ninayoishusha mimi kila asubuhi nikifika chini ya ngazi. Kisha akageuka. Hatua moja, kupumzika. Hatua moja, kupumzika. Niliogopa, ndiyo, lakini zaidi niliona aibu. Nilikuwa nimemdanganya mzee aliyechoka.

Kesho yake nilikwenda mjini, sokoni Charminar, kwenye duka la bangili la mtoto wa Ustadh Pasha. Pasha ndiye aliyenifundisha kazi. Siku hizi haoni, huketi pembeni akisikiliza wanawake wakijaribu bangili.

"Ustadh," nikamwambia, "kuna hadithi nilitunga zamani, ya mlinzi."

"Yakuti," akasema.

Sikuwahi kumtajia jina hilo.

"Hadithi hiyo ni yangu, Ustadh. Niliitunga mwenyewe."

"Hata mimi nilidhani ni yangu." Akageuza uso wake usioona kunielekea. "Ameshuka?"

"Ameshuka."

"Amekuuliza?"

"Ameniuliza. Nikamwambia bado."

Mzee akanishika mkono. "Umefanya vizuri. Ni dhambi, lakini umefanya vizuri. Zamu ile haiachwi wazi, Jabbar. Atakayemwambia imeisha, ndiye atakayeishika."

"Na nitafanya nini sasa?"

"Sasa ameshaijua njia. Kila jioni uwe pale, umwambie bado." Akaniachia. "Pole, mwanangu. Nami nilichoka kuogopa kwamba siku moja atashuka, ndiyo maana niliacha kazi mapema."

Nikaenda kila jioni. Jua lilipotua nilikuwa langoni, mvua inyeshe isinyeshe, na yeye alishuka mpaka kwenye kona ile, akauliza, nami nikamjibu. Miezi miwili. Tasleem nilimweleza yote, neno kwa neno, tukiwa tunakula. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka, akaniongezea wali.

"Baba, hiyo wape wageni. Mimi si mtalii."

Ningemlaumu vipi? Alikuwa ameisikia hadithi ya Yakuti tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, na mara ngapi nilikuwa nimemkonyeza katikati ya masimulizi ili asiogope. Nilimwapisha tu asibaki langoni baada ya kipenga. Akaapa, kwa namna mtoto anavyomwapia mzazi anayezeeka.

Kisha nikapata homa, ile ya msimu wa mvua inayovunja mifupa. Siku moja sikuweza kuinuka. Nililala nikitazama dirisha. Nyumba yetu iko ndani ya ukuta wa nje wa ngome, na kilele kinaonekana kutoka kitandani. Jua likatua. Nikamsikia Tasleem anavua viatu mlangoni, amechelewa.

"Nimekuja mbio, Baba, nilisahau mwavuli langoni nikaurudia," akasema, akanishika paji la uso. "Narsimha amepata kibarua mpya? Kuna mzee pale kwenye ngazi. Mrefu, mweusi, hana hata kandambili. Masikini, uso wake umechoka kama wako. Akaniuliza kama zamu yake imeisha, karibu nicheke nikikumbuka hadithi yako."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia, 'Imeisha, baba mkubwa. Nenda kapumzike.'"

Nje mvua ilikuwa inanyesha.

"Akafanya nini, Tasleem?"

"Alilia. Akanishika mikono yote miwili, akatoka nje ya lango." Akaviangalia viganja vyake. "Mikono yake ilikuwa ya baridi sana."

Jioni iliyofuata alikuwa anakata vitunguu. Huko langoni mgeni fulani akapiga kofi, likapanda kilimani kama kawaida. Tasleem akaweka kisu chini. Akageukia dirisha, akapiga kofi moja, akaendelea na vitunguu.

"Kwa nini umepiga?"

"Kupiga nini? Si unaona nakata vitunguu?"

Siku ya tatu viganja vyake vilikuwa vyekundu. Siku ya nne niliamka usingizini wakati wa machweo, nyumba ikiwa kimya. Viatu vyake vilikuwa mlangoni. Yeye hakuwepo.

Sijui nilifikaje langoni. Narsimha aliniita, sikusimama. Nilipanda. Homa ilikuwa inanitikisa meno, magoti yalikuwa yanawaka, na kila ngazi niliyoichukia maisha yangu yote ilinikumbusha kwamba nayo inanichukia. Nilimkuta karibu na hekalu. Alikuwa anapanda polepole, miguu mitupu. Hatua moja, kupumzika. Hatua moja, kupumzika. Binti wa miaka ishirini na mitatu.

"Tasleem!"

Aligeuka. Macho yalikuwa yake. Sauti ilikuwa ile yangu ya wageni.

"Baba... zamu yangu imeisha?"

Nilijua bei ya kila jibu. Nikimwambia bado, angegeuka na kupanda, kesho na siku zote. Nilikaa kwenye ngazi, kwa sababu magoti yalikataa, nikamshika mikono. Ilikuwa ya baridi.

"Imeisha, mama. Nenda nyumbani."

Alipepesa macho, kama mtu aliyewashiwa taa usoni. "Baba! Unafanya nini huku na homa yako? Na viatu vyangu viko wapi?"

"Tangulia," nikamwambia. "Nakuja."

Akashuka akinung'unika. Mimi nikainuka. Nikajikuta natazama juu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka, magoti hayakuniuma hata kidogo. Nilipanda ngazi zote zilizobaki bila kusimama.

Sasa ni mwaka wa pili. Kila asubuhi napanda. Naketi kwenye ukumbi wa kileleni, wageni wanapiga makofi huko chini, nami najibu. Wanafurahi sana. Narsimha anasema nimerudiwa na ujana. Ustadh Pasha ameniletea salamu moja tu kupitia kwa mwanawe: pole. Usiku lango likifungwa hakuna anayepiga, basi nalala kidogo nyumbani.

Jioni Tasleem hunipigia makofi mawili, nami nashuka. Kuanzia kwenye hekalu magoti huanza kuuma tena. Yeye hunisubiri kwenye kona ya mwisho, na glasi mbili za chai, anatabasamu. Hakumbuki kitu cha jioni ile. Anaamini ilikuwa homa, yake na yangu. Na roho yake bado ni laini vilevile, hawezi kumwona mtu amechoka akanyamaza.

Ndiyo maana nashuka nimeuma midomo. Kwa sababu kila nikifika kwenye kona ile, swali linapanda lenyewe kooni, na ninachoka kulimeza. Sijui kama kuna mtu anayeweza kuelewa uchovu huu.

Jana nilichelewa kufunga mdomo.

"Zamu..." nikasema.

Tasleem akaninyooshea chai. Akaniangalia viganja, halafu uso, na nikaona huruma inamjaa machoni.

"Zamu gani, Baba?"

Niliichukua chai ile ikiwa inachemka, nikainywa yote kwa mkupuo mmoja, mpaka ulimi ukaungua na maneno yakashindikana.