Sahani Mbili za Kamba wa Nazi

Kila asubuhi nilichemsha sindano, kisha nikazipanga kwenye trei, ndogo mbele, kubwa nyuma. Siku hiyo nilikuwa nimefika sindano ya tatu mlango wa zahanati uliposukumwa.

Mama aliingia mbele, buibui limekaa upande. Nyuma yake mzee mmoja na dereva wa lori walimbeba mtu ambaye uso wake ulikuwa umeumuka kama andazi. Macho hayakuonekana kabisa.

— Mwanapili, mtazame mgeni wangu! Na mimi sikupika sumu, tuelewane!

— Mgeni gani, mama?

— Mwalimu Tsuma wa Kinango. Na huyu ni ami yake, Mzee Mwero. Wamekuja kukuposa.

Kibano kikanidondoka. Mwalimu Tsuma! Alikuja mara tano kufungwa kidonda cha kidole, na mara ya tano kidole kilikuwa kimeshapona. Mara zote hizo nilimwambia maneno mawili tu: "Nyosha" na "Kunja".

Sasa kifua chake kilipiga filimbi.

— Amekula nini?

— Kamba wa nazi. Sahani mbili! Sufuria langu halijamdhuru mtu tangu niolewe. Hili ni jicho la watu. Aandikiwe kombe la aya anywe.

— Labda kamba walilala, bibi — alisema Mzee Mwero.

— Walilala wapi? Kwako?

— Nyamazeni!

Niligeuka nione ni nani aliyepiga kelele. Kumbe ni mimi.

Nikamwegemeza Mwalimu kwenye mto, miguu yake nikaiinua. Daktari alikuwa Kwale, lakini jambo hili chuoni Mombasa tulifundishwa mpaka tukaliota. Nikavunja kichupa cha adrenalini, nikamchoma pajani. Kisha nikamshika mkono kuhesabu mapigo. Yake yalikuwa mepesi na ya mbio. Yangu yalikuwa mabaya zaidi.

Filimbi ikapungua. Ikanyamaza. Jicho moja likafunguka, upenyo mwembamba tu.

— Mwalimu, umewahi kula kamba?

Akaitikia kwa kichwa.

— Ukavimba?

Akaitikia tena.

— Sasa mbona umekula?

— Mamako... alikuwa akinitazama.

— Nilimwonya mimi — alisema Mzee Mwero. — Ukikataa sahani ya mkwe, umemkataa na binti.

— Na sahani ya pili?

— Aliniuliza kama ni tamu — alinong'ona Mwalimu.

Mama akafunga mikono kifuani.

— Basi, posa imekwisha. Mtu hali kamba, hapa Kinondo nitampikia nini? Kesho atasema na nazi inamwasha! Mzee Mwero, mchukueni kijana wenu, lori lisiwaache.

Mzee Mwero akavaa kofia yake polepole. Mwalimu akanitazama kwa ule upenyo wa jicho. Nilijua nikikaa kimya, kama nilivyozoea, wataondoka, na kidole chake hakina tena kidonda cha kumrudisha.

— Haendi popote — nikasema. — Uvimbe huweza kurudi. Atalala hapa hadi kesho.

— Haya, muuguzi. Na hiyo kesho?

Nikaokota kile kibano sakafuni.

— Kesho mpikie kuku, mama. Mimi nimemkubali.